Maswali ya Wasomaji: Huawei IDEOS na Memori Yake Ndogo

Maswali ya toleo hili yote yanahusu simu moja, Huawei IDEOS U8150, ile ndogo ya skrini ya kugusa iliyoenea sana Kenya kuanzia 2011. Wako wanaoiwasha hadi leo, na wako walioikuta kwenye droo wakajiuliza kama bado ina kazi. Menyu zake ni za Kiingereza. Hapa tunazitaja kwa maana yake na kwa mpangilio unaoukuta kwenye simu, kwa hiyo fuata hatua moja baada ya nyingine.

SWALI: Simu hii ilikuwa na nini hasa hata ikasifiwa vile? Kijana wangu akiiona anacheka. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, mwambie kijana aanze na bei. IDEOS ilitangazwa Septemba 2010 kwenye maonyesho ya IFA mjini Berlin, na mwaka uliofuata Safaricom ilikuwa ikiiuza kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Kwa pesa hizo mtu alipata Android 2.2 kamili, intaneti ya 3G ya hadi megabiti 7.2 kwa sekunde, Wi-Fi, Bluetooth, GPS, tundu la kawaida la spika za masikioni na sehemu ya memori kadi. Mtu aliyekuwa akilipia saa za kukaa kwenye saiba ili asome barua pepe, sasa aliisoma akiwa ndani ya matatu.

Unafuu wake ulipatikana kwa kupunguza sehemu tatu. Skrini ni ya inchi 2.8 yenye nukta 240 kwa 320 tu, na ndiyo maana herufi ndogo zinaonekana kama zimekatwa kingo. Prosesa ni Qualcomm MSM7225 ya megahezi 528, ya ukoo wa ARMv6. Programu kadhaa za wakati huo zilidai ukoo uliofuata, ARMv7, na hiyo ndiyo sababu video za Flash hazikucheza hata ungefanya nini. Ya tatu ni memori: RAM megabaiti 256, na hifadhi ya ndani megabaiti 512 ambayo sehemu kubwa imekaliwa na mfumo wenyewe. Maswali mengi yaliyo hapa chini yanarudi kwenye hiyo ya tatu.

Lakini pahali pamoja hawakubana. Kioo chake kinahisi umeme wa ngozi, hakingoji kukandamizwa kama cha Nokia 5230 na simu nyingine za mguso za bei nafuu za miaka ile. Unatelezesha kidole juu juu na orodha inasogea. Kwa simu ya bei hiyo, lilikuwa jambo kubwa, na tunaamini ndilo lililowafanya watu waizoee haraka.

SWALI: IDEOS yangu kila wakati inaandika kwamba nafasi imejaa, na memori kadi ya GB 8 iko karibu tupu. Mbaya zaidi, nikitumiwa pesa ujumbe wa M-Pesa hauingii. Je, pesa inapotea? – Msomaji, Tanga

JIBU: Pesa haipotei. Salio lako liko kwenye mtandao wa kampuni, haliko ndani ya simu. Kagua salio kwa *150*00# (wa Safaricom ni *334#, au ile menyu ya laini) na utaiona. Kilichotokea ni kwamba hifadhi ya ndani ikikaribia kuisha, Android 2.2 hukataa kupokea ujumbe mpya. Mtandao unaambiwa simu imejaa, unaushikilia ujumbe wako na kuujaribu tena baadaye. Ukifungua nafasi mapema, ujumbe huingia. Ukikaa siku nyingi, mtandao unaufuta.

Sasa kwa nini imejaa na kadi ni tupu? Kwa sababu ni ghala mbili tofauti. Picha, muziki na video huenda kwenye kadi. Programu, majina ya watu, ujumbe na barua pepe hukaa ndani ya simu. Mfumo huanza kulalamika nafasi ya ndani ikishuka chini ya takriban asilimia 10, kwa hiyo onyo linakuja hata kama bado unaona megabaiti kumi na kitu zimebaki. Kufuta picha hakukusaidii chochote. Watu wengi wamefuta picha za harusi zao bure kwa kutojua hili.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Fungua setingi, ingia kwenye programu, kisha kusimamia programu. Bonyeza kitufe cha menyu uzipange kwa ukubwa. Zile za juu ndizo za kushughulikia.

Anza na programu zilizokuja na simu, hasa ramani za Google. Nakala ya kiwandani imekaa sehemu ya mfumo na haifutiki. Uliposasisha, nakala mpya ilikaa kwenye nafasi yako, kwa hiyo unalisha nakala mbili za kitu kimoja. Ifungue hapo kwenye orodha na uchague kuondoa masasisho. Hatua hii peke yake mara nyingi hurudisha nafasi kubwa kuliko nyingine zote, na mafundi wengi huiruka.

Halafu futa akiba ya muda ya kivinjari na ya programu kubwa. Akiba ya muda hujijaza tena, lakini haikupotezei kitu. Kuwa mwangalifu na kitufe cha jirani yake, kile cha kufuta data, kwa sababu hicho kinafuta na kumbukumbu za programu yenyewe.

Baada ya hapo hamishia kadi programu zinazokubali. Android 2.2 ndiyo iliyoleta uwezo huo. Usitarajie nafasi yote irudi: kinachohama ni faili kuu la programu, huku data zake na sehemu iliyotafsiriwa kwa ajili ya prosesa zikibaki ndani. Programu yenye kidude cha skrini ya nyumbani, kama saa au hali ya hewa, iache ndani, maana ukiihamisha kidude hakitafanya kazi. Na ukichomeka simu kwenye kompyuta ukaiwasha kama flashi, kompyuta huichukua kadi yote, na programu zilizohamishwa hupotea kwenye menyu mpaka utakapochomoa. Hazijafutika.

Mwisho ni ujumbe. Kwenye setingi za ujumbe kuna sehemu ya kufuta wa zamani kila mazungumzo yakifikia idadi fulani, 200 ikiwa hujagusa. Washa, kisha ushushe idadi hiyo. Ujumbe mmoja ni mdogo sana, lakini miaka ya matangazo na taarifa za muamala inakuwa mzigo.

Na zile programu za kuua programu nyingine ili simu iwe nyepesi? Ziondoe. Mfumo wenyewe hufunga programu RAM ikipungua. Ukiziua kwa nguvu, nyingi zitajiwasha upya, na kila kujiwasha kunakula betri na prosesa kuliko kama ungeziacha zimelala.

SWALI: Nifanyeje nipate WhatsApp na duka la programu la Google humo? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Huwezi kupata. WhatsApp iliacha kuhudumia Android 2.2 mwishoni mwa 2016, na hata zile za 2.3 zikafuata Februari 2020. Google nayo ilifunga kuingia akaunti kwenye Android 2.3.7 kushuka chini tangu tarehe 27 Septemba 2021. Tovuti nyingi pia hazifunguki, kwa kuwa kivinjari chake hakijui usimbaji wa siku hizi wa TLS 1.2. Anayekuuzia faili la WhatsApp la zamani kwenye kadi anakuuzia kitu kitakachokataa kusajili namba yako.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kukata tamaa na tovuti chache zilizobaki: tarehe. Betri ikikaa nje muda mrefu, saa ya simu hizi mara nyingi hurudi mwaka 1980, na kila tovuti yenye cheti cha usalama hukataa. Weka tarehe sahihi kwanza.

SWALI: Poleni na kazi. Kaka yangu alifariki na tumebaki na IDEOS yake. Ina picha na namba za watu wake, lakini imefungwa kwa mchoro. Fundi anasema aifleshi. Tumpe? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Pole sana dada, wewe na familia. Msimpe afleshi. Kufleshi, au kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, hufuta hifadhi ya ndani yote, na huko ndiko namba ziliko.

Picha ni rahisi. Zima simu, toa kifuniko cha nyuma na betri, kisha uitoe memori kadi. Mchoro wa kufunga skrini haulindi kadi. Itie kwenye kisoma kadi cha kompyuta, fungua folda iitwayo DCIM, nakili kila kitu mahali pawili. Usikubali kompyuta ikikuomba kuifomati. Ikiwa kadi haisomeki, safisha pini zake za dhahabu kwa kifutio laini cha penseli na ujaribu kisoma kingine kabla ya kusema imekufa.

Laini nayo itoe, uitie kwenye simu nyingine, ukatazame majina yaliyohifadhiwa humo. Laini ya kawaida hubeba takriban majina 250, na jina refu huwa limekatwa, kwa hiyo utakuta vipande kama “Mwl Has”.

Namba zilizokuwa ndani ya simu zenyewe zina njia mbili. Kama kaka alitumia akaunti ya Google na mnaifahamu nywila yake, ingieni kwenye akaunti hiyo kwa kompyuta, sehemu ya majina. Simu ilikuwa ikizipeleka huko yenyewe ikiwa ulandanishi uliwashwa. Kama sivyo, ni kuukumbuka mchoro. Kila ukikosea mara 5, simu inakusimamisha sekunde 30. Ukifika makosa 20, inadai akaunti ya Google ili ifunguke, na kwa vile Google haikubali tena kuingia kwenye Android hii, mlango huo msiutegemee. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi kila mchoro mliojaribu, msirudie, na msiwaachie watoto waichezee. Shikeni skrini iliyozimwa kwa mshazari chini ya taa: kwenye simu ambayo haijapanguswa, alama ya mafuta ya kidole wakati mwingine bado inaonyesha mchoro ulipopita. Msiifute kabla ya kuangalia.

Mkifanikiwa kuingia, fungueni majina, bonyezeni menyu, chagueni kuingiza au kutoa, kisha kutoa kwenye kadi. Litatengenezwa faili moja lenye mwisho wa .vcf, ambalo simu yoyote ya leo italisoma na kuyapokea majina yote kwa mkupuo. Ujumbe mfupi haumo kwenye faili hilo. Ule wenye thamani kwenu, upigeni picha kwa simu nyingine, mmoja mmoja.

SWALI: Nikiichaji, skrini inajibonyeza yenyewe, inafungua vitu na kupiga simu. Nikichomoa chaja inatulia. Ni kirusi? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ni chaja. Kioo cha aina hii hupima mabadiliko madogo sana ya umeme pale kidole kinapogusa. Chaja ya bei ya kutupa haina vichujio vya kutosha ndani, inatuma umeme wenye kelele kupitia waya, na kioo kinazisoma kelele hizo kama vidole. Jaribu chaja ya simu nyingine unayoiamini, au uichaji kwa kompyuta mpakato isiyochomekwa ukutani. Ikitulia, umepata jibu, na chaja ile usiitumie kwa simu yoyote.

Ikiwa inajibonyeza hata bila chaja, pangusa kioo kwa kitambaa kikavu (jasho na maji hukichanganya sana), kisha ondoa karatasi ya kulinda skrini. Bado? Angalia ufa mdogo kwenye kona. Kioo cha kuhisi kikipasuka, sehemu ya chini ya ufa huweza kufa au kuchachamaa, na tiba ni kukibadilisha. Kwa bahati, chini ya skrini kuna vitufe halisi na kile cha kwenda pande nne, kwa hiyo unaweza kusogea kwenye menyu nyingi, hata kutoa majina, bila kugusa kioo.

SWALI: Imekaa miaka bila chaji. Nikichomeka haionyeshi hata taa. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Kabla ya kuchomeka tena, toa betri na uiweke juu ya meza bapa. Izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, tumbo lake limevimba. Hiyo haichajiwi, haitobolewi, haikandamizwi irudi. Iweke kwenye kopo la chuma mbali na jiko na uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Haifai kwenye jalala la mtaa, kwa kuwa jalala likichomwa italipuka usoni mwa anayechoma.

Kama imelala bapa, pima kwa mita kati ya ncha za chanya na hasi. Betri hii ni ya volti 3.7, uwezo wa 1,200 mAh, na jina lake ni HB4J1H. Ukisoma volti 3 na zaidi, iache kwenye chaja nzuri kwa nusu saa ukiiangalia: mara nyingi simu hukaa kimya mwanzoni kisha inaamka. Ukisoma chini ya volti 2.5, usiilazimishe. Ndani yake shaba huenda imeanza kuyeyuka, na ikichajiwa inaweza kuunda njia fupi ya umeme. Nunua nyingine.

Ukienda kununua, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha jina, mpangilio wa ncha, na unene. Inayojigamba kuwa na 2,500 mAh katika umbo lilelile ni uongo wa lebo. Ikumbukwe pia kwamba betri iliyokaa rafu ya duka kwa miaka kumi inaitwa mpya lakini imezeeka, kwa hiyo omba ipimwe mbele yako na uifanyie jaribio la kuzunguka papo hapo dukani.

SWALI: Laini yangu ni ile ndogo kabisa. Itaingia? – Msomaji, Arusha

JIBU: Itaingia kwa fremu ya kuipanua. IDEOS hutumia laini ya ukubwa wa zamani, na nafasi yake iko chini ya betri. Usiitie laini ndogo bila fremu, na usiitie fremu tupu, kwa sababu pini za simu hunasa kwenye tundu na kung’oka ukivuta. Bandika kipande chembamba cha selotepu nyuma ya laini na fremu ili visiachane, telezesha taratibu, na ukitoa usivute kwa nguvu.

Intaneti ikigoma baada ya hapo, simu haijapata setingi za mtandao. Nenda setingi, mitandao isiyotumia waya, mitandao ya simu, kisha orodha ya vituo vya kuingilia (APN), ubonyeze menyu na uunde kipya. Kwa Safaricom, APN ni safaricom, jina la mtumiaji saf, nywila data. Kwa Vodacom Tanzania, APN ni internet na sehemu nyingine unaziacha wazi. Hifadhi, rudi nyuma, na uhakikishe kitone cha kijani kiko kwenye ulichokiunda. Wengi hukiunda wakasahau kukichagua.

SWALI: Kamera inapiga stakabadhi na maandishi hayasomeki. – Msomaji, Kilifi

JIBU: Ni ya megapikseli 3.2, isiyojirekebisha umakini na isiyo na taa. Umakini umefungwa kiwandani kwa vitu vilivyo mbali kidogo. Rudi nyuma hadi kama hatua moja, weka stakabadhi kwenye mwanga wa jua, kisha ukuze picha baadaye. Kuisogelea ndiko kunakoiharibu.

SWALI: Basi kuna kazi yoyote naweza kuipa leo? Nina duka na wanangu wanasoma kwa kompyuta mpakato jioni. – Msomaji, Iringa

JIBU: Iko, mama, na ndiyo kazi ambayo simu hii iliifanya vizuri tangu mwanzo: kugawa intaneti. Android 2.2 ndiyo iliyoleta uwezo wa kuigeuza simu kuwa kituo cha Wi-Fi, na IDEOS inapokea hadi vifaa 8. Haihitaji akaunti ya Google wala duka la programu. Inataka laini yenye bando na mtandao wa 3G tu.

Setingi, mitandao isiyotumia waya, kugawa intaneti, kisha kusanidi kituo. Usalama unakuja ukiwa wazi, yaani jirani yeyote anaingia na kumaliza bando lako. Badilisha uwe WPA2 na uweke nywila ya herufi 8 au zaidi. Hakikisha sehemu ya kutumia 2G pekee haijawashwa, la sivyo kasi itakuwa ya kusubiri ukurasa mmoja kwa dakika.

Vifaa 8 ni kikomo cha orodha, si cha raha. Kasi ya megabiti 7.2 ni ya juu kabisa kwenye karatasi, na wote wanaigawana. Kwa masomo, vifaa viwili au vitatu vinatosha. Kwenye kompyuta za wanao zima masasisho ya kujiendesha yenyewe, au uutambulishe mtandao huo kama wa kulipia kwa kipimo, maana Windows ikiamua kujisasisha usiku mmoja itakunywa bando lote la wiki.

Betri ya 1,200 mAh haitavumilia jioni nzima ikigawa intaneti, kwa hiyo iache kwenye chaja, na joto litapanda. Toa kava ya mpira, iweke juu ya kitu kigumu karibu na dirisha, isiwe juu ya godoro wala kitambaa. Karibu na dirisha pia mtandao unaingia vizuri zaidi. Ukimaliza, zima kituo na uchomoe. Kila mwisho wa mwezi fungua mfuniko na uizungushe betri mezani kama tulivyomwelekeza msomaji wa Kisumu, kwa sababu simu inayokaa kwenye chaja kila jioni ndiyo inayovimbisha betri upesi.